Nyeupe Mbili za Mombasa: Rangi ya Mji Huamuliwa na Nani?

Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Mombasa, wakati huo chini ya Gavana Hassan Joho, iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya jiji na ya Mji wa Kale wapake kuta zao nyeupe na kuzitia nakshi ya buluu, ile inayoitwa buluu ya Misri. Mafundi rangi walipata kazi, wenye nyumba wakakuna vichwa. Maswali yalikuwa mengi kuliko ndoo. Nani analipa? Kwa nini nyeupe? Na kama nyeupe ndiyo rangi ya Pwani, mbona nyumba kibao za Mji wa Kale zilikuwa za rangi ya maziwa au ya yai miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyesema si za Pwani?

Mimi naona agizo lile lilikuwa somo zuri, pengine zuri kuliko walivyokusudia walioliandika. Wengi wetu tunachukulia rangi ya jengo kuwa suala la mtu kupenda: huyu kapenda kijani, yule kapenda pinki, yameisha. Lakini uchunguze mji wowote, utakuta huyo aliyependa ni mtu wa mwisho kwenye foleni. Mbele yake wamesimama mchimba mawe, kiwanda cha rangi, jua, mvua, kampuni yenye bajeti ya matangazo, na serikali yenye muhuri. Mwenye nyumba anachagua katika kilichobaki.

Jiwe linalorudi kuwa jiwe

Tuanze na hiyo nyeupe yenyewe, maana Pwani yetu ina nyeupe mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni chokaa. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, yakapigwa lipu ya chokaa, na juu kabisa yakapakwa chokaa. Chokaa hiyo nayo ilitoka kwenye matumbawe. Mawe hupangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa mpaka joto lifike nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Hapo jiwe linaachia hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake, na kinachobaki ni donge jepesi, jeupe, lenye kiu. Limwagie maji uone: linapasuka, linatokota bila moto chini yake, linafuka mvuke, kisha linasambaratika kuwa unga. Hiyo ndiyo kuzima chokaa, na si kazi ya kusogelewa na mtoto.

Chokaa iliyozimwa ikishakaa shimoni ikaiva, huongezwa maji mpaka iwe kama uji wa mgonjwa, halafu hupakwa kwa brashi pana. Anayeiona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani fundi anamwibia, kwa sababu ikiwa mbichi ukutani inaonekana kama maji ya kuoshea mchele. Subira. Kadiri inavyokauka ndivyo weupe unavyojitokeza, na siku zinazofuata inavuta tena hewa ya kaboni kutoka angani, hewa ileile iliyoipoteza tanurini, mpaka inageuka tena kuwa jiwe. Ukuta wa chokaa, kwa hiyo, umevikwa ngozi nyembamba ya jiwe. Neno "rangi" tunaliazima tu.

Kutokana na hilo unaweza kueleza nusu ya sura ya miji yetu ya kale. Kwanza, ngozi hiyo inapumua. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu; linanyonya maji ya mvua na unyevu wa ardhini, halafu linayatoa polepole kupitia chokaa. Pili, chokaa ni kali. Ina ukali wa majivu na magadi, na ukali huo huua rangi nyingi zilizotokana na mimea au kemikali laini. Zinazosalimika ni zile za udongo: udongo mwekundu, udongo wa njano, kahawia ya kutu, masizi. Tatu, ukichanganya udongo huo ndani ya kitu kilicho cheupe tayari, huwezi kupata wekundu wa kupiga kelele. Unapata waridi iliyofifia, njano ya yai la kuku wa kienyeji, rangi ya maziwa. Kuna na wale waliotumbukiza buluu ya kufulia kwenye pipa la chokaa, kidogo, ili kuondoa umanjano na kuifanya nyeupe iwe nyeupe zaidi machoni, kama shuka. Mkono ukizidi, ukuta unakuwa wa samawati.

Kwa hiyo zile rangi za upole ambazo watalii huzipiga picha na kuziita za kimahaba, kwa sehemu kubwa zilichaguliwa na kemia. Mwenye nyumba wa Mji wa Kale aliyekuwa na ukuta wa rangi ya maziwa hakuwa amekiuka mila yoyote. Alikuwa na chokaa na udongo kidogo.

Mchanga mweusi wa Kwale

Nyeupe ya pili inatoka dukani, kwenye ndoo ya lita 20. Weupe wake unatokana na unga unaoitwa titani dioksidi, na unga huo ndio uliobadilisha sura ya miji duniani katika karne ya 20. Siri yake iko kwenye mwanga. Kila kitu kinachopitisha mwanga huupinda kwa kiasi fulani. Chembe za titani dioksidi huupinda kuliko almasi. Mwanga ukigusa tabaka jembamba la unga huo unapindwa, unarushwa, unapindwa tena, mpaka karibu wote unarudi ulikotoka. Ndiyo maana koti mbili za rangi nzuri zinaficha ukuta mchafu, wakati chokaa inahitaji koti nne au tano.

Hapa pana kichekesho. Kusini tu mwa Mombasa, ukishavuka feri ya Likoni ukashika njia ya Kwale, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini ya titani kuanzia mwisho wa 2013 hadi Desemba 2024. Sehemu kubwa ya madini hayo ni ilmenaiti, nayo ni mchanga mweusi. Ulipakiwa melini palepale Likoni ukapelekwa viwanda vya ng'ambo. Viwanda vya rangi vya huku kwetu vikihitaji unga mweupe, huununua kutoka nje. Kwa maana hiyo agizo la 2018 la kuifanya Mombasa iwe nyeupe lilitolewa wakati chanzo cha weupe wa dunia kilikuwa kinapita dirishani kwake kikiwa cheusi.

Lakini tofauti ya nyeupe hizi mbili inayomhusu mwenye nyumba iko kwenye gundi. Unga wa titani haushiki ukuta wenyewe. Lazima ushikwe na kitu, na kitu hicho ni aina ya plastiki iliyotawanywa ndani ya maji kwa chembe ndogo sana. Ikikauka inakuwa utando. Kwenye nyumba ya tofali za saruji yenye msingi mzuri, utando huo ni neema, kwa sababu mvua inateleza. Kwenye nyumba ya matumbawe ni kama kumvalisha mtu koti la mvua akiwa anatoka jasho.

Mtazame ukuta wa namna hiyo baada ya masika. Kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno utaona malengelenge, mengine madogo kama sarafu, mengine makubwa kama vitumbua. Bonyeza moja kwa kidole. Linapasuka kwa mlio mkavu, na nyuma yake unamwagika unga mweupe laini kama wa muhogo. Huo ni mchanganyiko wa chokaa iliyooza na chumvi: maji yalipanda kutoka ardhini yakibeba chumvi, yakafika kwenye utando, yakakosa pa kutokea, yakaiacha chumvi ikakua na kuusukuma ukuta kutoka ndani. Fundi akiitwa, atakwangua, atapiga puti, atapaka tena rangi ileile. Mwaka unaofuata anaitwa tena. Wataalamu wa uhifadhi hawachoki kusema kwamba jengo la chokaa lirudishiwe chokaa, na hawasemi hivyo kwa kupenda mambo ya kale tu.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama, tena kwenye nyumba ya saruji. Nilipakisha rangi ukuta wa uani wiki moja tu baada ya lipu kukauka, au niseme baada ya mimi kudhani imekauka. Rangi yenyewe ilikuwa ya udongo uliokolea, nzuri kweli. Baada ya miezi miwili ukuta ulikuwa na mabaka kama ramani ya visiwa. Saruji mbichi nayo ni kali kama chokaa, na ukali huo ulikuwa unaila rangi kwa ndani. Lipu mpya inataka kuachwa wiki nne hivi kabla ya kuguswa. Fundi alinikumbusha hilo, mimi nilikuwa na wageni wa Idi.

Jua linaangalia paa

Ukiacha ile hoja kwamba nyeupe ndiyo rangi ya Pwani, sababu ya pili inayotolewa kuitetea ni joto. Hii ni kweli, ila ina mitego yake.

Saa sita mchana, anga likiwa safi, kila mita moja ya mraba inayolitazama jua moja kwa moja inapokea nguvu ya wati 1,000 hivi. Hiyo ni karibu sawa na pasi ya umeme. Fikiria bati lote la nyumba yako limepangwa pasi, moja kila mita, zote zimewashwa. Rangi nyeupe nzuri ikiwa safi inarudisha asilimia 80 hivi ya nguvu hiyo. Nyeusi inaimeza karibu yote. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza rangi nyeupe inayorudisha asilimia 98.1, wakitumia bariamu salfeti badala ya titani.

Lakini sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Jua letu la mchana halipigi ukuta, linapiga utosi. Ukuta wa mashariki unapata asubuhi, wa magharibi unapata alasiri, na wa kaskazini na kusini kwa sehemu kubwa ya mwaka huambulia makombo. Paa ndilo linalokula jua kuanzia saa tatu mpaka saa kumi. Kwa hiyo mtu anayetaka mji upoe akaamuru kuta zipakwe nyeupe na kuyaacha mapaa yalivyo, amefunika mguu na kuacha kichwa. Tena kwenye vichochoro vya Mji wa Kale kuta zinakingana kivuli zenyewe. Ndiyo kazi ya vichochoro.

Na mapaa yetu yanaelekea upande mwingine kabisa. Panda ghorofani popote Dar es Salaam, Mwanza au Kampala utazame chini: mabati ya rangi, yale ya migongo mipana yanayoitwa msauzi, mekundu, ya buluu, ya kijani, na zaidi ya yote ile rangi ya damu ya mzee. Yanapendeza. Pia ni majiko. Bati jipya linalong'aa nalo si malaika: linarudisha mwanga mwingi, lakini joto kidogo linaloingia halitoki kirahisi, kwa sababu chuma kinachong'aa ni kigumu kutoa joto lake. Bati lililopakwa nyeupe linashinda yote mawili.

Kuna jambo lingine ambalo duka la rangi halikuambii. Karibu nusu ya nguvu ya jua inakuja kama mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa machoni, moja ikawa inaimeza infraredi na nyingine inairudisha, na nyumba mbili za kahawia zikapishana joto. Buluu ya Misri, ile ya kweli, ni mfano wa ajabu kuliko yote. Ni rangi ya kwanza inayojulikana kutengenezwa na binadamu, waliyoipika Wamisri wa kale kwa mchanga, chokaa na shaba zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Ikipigwa na mwanga, inameza sehemu yake na kuutoa tena kama infraredi. Mwaka 2018, mwaka uleule wa agizo la Mombasa, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley kule California walieleza kuwa tabia hiyo inaweza kusaidia kupooza majengo. Bahati mbaya ndoo inayouzwa dukani kwa jina hilo huwa imeazima jina tu.

Miji iliyopakwa kwa amri

Mombasa haikuwa ya kwanza. Sidi Bou Said, kijiji kilicho juu ya mwamba karibu na Tunis, leo kinatajwa kama kielelezo cha weupe na buluu wa asili wa Afrika Kaskazini. Mpangilio huo ulilindwa kwa amri ya mwaka 1915, chini ya ushawishi wa Baroni Rodolphe d'Erlanger, Mzungu mchoraji na mpenda muziki aliyejenga kasri lake hapo. Jaipur, India, ulipakwa waridi mwaka 1876 kumpokea mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza, Albert Edward. Mgeni aliondoka, waridi ikabaki, na sasa wenyeji wanauita Mji wa Pinki kana kwamba ulizaliwa hivyo. Amri ya rangi ikikaa miaka mia inaitwa mila.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Tirana, mji mkuu wa Albania. Edi Rama alikuwa mchoraji kabla ya kuchaguliwa meya mwaka 2000. Alirithi mji wa maghorofa ya kijivu ya enzi za ukomunisti, manispaa haina hela, vibanda vimevamia kila uwazi. Alianza na kitu cha bei nafuu kuliko vyote: rangi. Kwa maelezo yake mwenyewe, jengo la kwanza lilipoanza kupakwa rangi ya machungwa, afisa wa Umoja wa Ulaya aliyesimamia fedha alikimbia kuzuia kazi, akisema rangi hizo hazikidhi viwango vya Ulaya. Watu walijaa mtaani kushangaa. Rama anasema hata baadhi ya wasiozipenda rangi zile walitaka kazi iendelee. Wakosoaji wake walimjibu kwamba mabomba ya maji na mashimo ya barabara hayapakwi rangi, nao walikuwa na hoja. Ila angalia nani hakulipa: mwenye nyumba. Rama hakumwandikia barua ya kumtaka atoe pesa mfukoni.

Kabla yake alikuwepo msanifu majengo Mjerumani, Bruno Taut. Kati ya 1913 na 1916 alijenga nyumba za gharama nafuu huko Falkenberg, pembeni mwa Berlin, akazipaka nyekundu, buluu, njano na kijani mpaka watu wakauita mtaa ule kisanduku cha rangi. Mwaka 1921 akawa msimamizi wa ujenzi wa mji wa Magdeburg na kuendeleza mambo yale yale hadharani. Hoja yake ilikuwa ya kimaskini kwa maana nzuri: tajiri anapamba nyumba kwa mawe ya kuchonga, mfanyakazi hawezi, lakini ndoo ya rangi anaimudu. Mtaa wa Falkenberg uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008.

Duka la Mangi ni jekundu, nani kalipaka?

Tuache amri za serikali. Kwa mtu anayepita mitaani kwetu leo, rangi inayomgonga zaidi haitoki manispaa wala kwa mwenye nyumba. Ni ya kampuni ya simu. Nyekundu, kijani, buluu, na ukivuka kwenda Uganda, njano ya MTN. Unaweza kusafiri barabara kuu siku nzima ukapita vituo vidogo kumi, na kila kituo kina maduka manne, na kila duka ni tangazo.

Hesabu yake ni rahisi. Bango kubwa la barabarani linataka nguzo, kibali na kodi ya kila mwezi. Ukuta wa duka unataka ndoo chache na vijana wawili wenye ngazi. Mangi, yaani mwenye duka, naye anafurahi, kwa sababu kapata nyumba iliyopakwa bure, jina la duka lake limeandikwa hata kama ni dogo kuliko nembo, na rangi ni ya mafuta inayooshika. Tatizo huja siku maofisa wa halmashauri wanapopita na daftari, maana ukuta wenye nembo unahesabiwa kuwa tangazo, na tangazo lina ushuru. Hapo ndipo unaona maduka yaliyofuta nembo kwa brashi moja ya nyeupe na kubaki na nyekundu yote, nyekundu isiyotangaza chochote lakini kila mtu anajua ni ya nani.

Kampuni nazo hubadilika majina. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Tigo ya buluu ikawa Yas mwaka 2024. Kila mara mafundi huingia barabarani na mtaa hubadilika sura, bila mkazi hata mmoja kuulizwa. Chukua kisu ukwangue kona ya duka la zamani kando ya barabara ya Morogoro, utasoma historia ya mawasiliano ya nchi nzima tabaka kwa tabaka, mpaka ufike kwenye chokaa.

Na kwa kuwa tumefika barabara ya Morogoro, kuna rangi moja ya mjini ambayo hakuna kampuni inayoilipia. Ni ile X nyekundu. Mtu anatoka kazini anakuta imeshachorwa kwenye ukuta wake: nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara, itabomolewa. Hakuna alama nyingine ya rangi inayosomwa haraka hivyo. Wengine huipaka nyeupe usiku. Nyekundu ya mafuta ina ukaidi, haichukui wiki kuanza kujitokeza tena kwa chini kama kivuli cha pinki.

Krimu ziko sita

Nimewaacha mwenye nyumba na mapenzi yake mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo anavyoachwa.

Kiswahili chenyewe kina rangi tatu tu zilizo vivumishi kamili: -eupe, -eusi, -ekundu. Wataalamu wa lugha Berlin na Kay walionyesha mwaka 1969 kwamba lugha zenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu. Nyingine nyingi tunazitaja kwa vitu: kijani ni jani, manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijivu ni majivu. Sioni upungufu hapo. Mtu akisema damu ya mzee, unaona kitu kizito, cheusi kwa ndani, chenye umri. Namba ya kwenye chati haikupi hayo.

Shida huanza dukani. Mama mmoja wa makamo aliingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikiwa nimesimama nangoja misumari, akamwambia kijana wa mashine ya kuchanganya rangi kwamba anataka krimu.

"Krimu ziko sita, mama."

"Nataka ya kawaida, mwanangu. Ya chai ya maziwa."

Kijana akafungua chati, mama akavaa miwani, wakaelewana juu ya kijipande chenye ukubwa wa stempu. Nilitamani kumwambia jambo nikaona si mahali pangu. Kijipande kidogo huongopa. Rangi ileile ikijaa ukuta mzima huonekana kali zaidi na ang'avu zaidi kuliko kwenye karatasi, kwa hiyo chai ya maziwa ya kwenye chati inaweza kuwa embe bivu ukutani. Taa za dukani nazo huongopa. Jirani pia anaingilia: mwaka 1839 mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alieleza kwa kirefu jinsi rangi mbili zikikaa bega kwa bega kila moja inavyoisukuma mwenzake. Krimu kando ya ukuta wa kijani huvuta wekundu. Kando ya ukuta mwekundu huonekana ya kijanikijani, kama mtu anayeugua.

Jua la huku nalo linaziosha rangi. Rangi ya upole iliyotulia vizuri chini ya mawingu ya London, hapa saa saba mchana inageuka nyeupe chafu. Hiyo inaeleza kwa kiasi fulani kwa nini watu wa nchi za jua kali, kuanzia hapa mpaka Karibi, hawaogopi rangi zenye nguvu. Halafu jua hilohilo linaanza kuzila. Nyekundu na njano za kemikali laini hutangulia kufifia, na ndiyo maana mabango ya zamani hubaki na buluu peke yake. Zile za udongo na kutu huvumilia karibu milele.

Mafundi wazoefu wana dawa ya haya yote. Wananunua kopo dogo la lita moja, wanapaka kipande cha mita moja kwa mita moja kwenye ukuta wenyewe, koti mbili, karibu na mlango. Kisha wanakwambia ukaangalie asubuhi ukitoka, saa saba ukirudi kula, na saa kumi na mbili jua likizama. Yule kijana wa dukani hakumwambia mama hivyo, alimtengenezea ndoo mbili moja kwa moja, na mashine ikishadondosha rangi kwenye ndoo, mzigo haurudishwi.